Je, wivu na kulazimisha ndiyo mapenzi? Binti yangu amejifunza hivyo kwenye tamthilia

Mama wa Gungu, Kigoma

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naleta jambo linaloninyima raha tangu wiki iliyopita. Nyumbani kwangu king'amuzi hakizimwi mpaka tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili imalizike, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nimeizoea kuliko watoto. Sasa binti yangu wa miaka 19 ameniambia, tena bila utani, kwamba kijana anayemchumbia hana mapenzi ya kweli, kwa sababu hajawahi kumwonea wivu, hamfokei anapochelewa kupokea simu, na alipomwambia asimfuate kweli hakumfuata. Nilipomuuliza amejifunza wapi kwamba hayo ndiyo mapenzi, alinitajia tamthilia tuliyoitazama pamoja tukiwa kwenye mkeka mmoja. Nakumbuka kijana tajiri alipomshika msichana mkono kwa nguvu na kumwingiza garini, mimi nilifurahi, kwa kuwa nilijua wataishia kuoana. Nitamwambia nini mtoto, ilhali furaha yangu aliiona kwa macho yake?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji

Mama, anza na hilo la mkono, kwa sababu ndilo zito. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Ikiwa mume hana ruhusa hiyo, mchumba ameitoa wapi ruhusa ya kumburura msichana? Hapa Ujiji binti alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemweleza mambo ya ndoa kabla ya harusi na kuendelea kumsikiliza baada yake, hata miaka ikapita. Tamthilia imekikalia kiti cha somo, lakini siku ya harusi inaaga na kuondoka.

Dada wa Isevya, Tabora

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Naomba nieleze kwa nini wivu umejaa kiasi hicho, maana jambo hili nimelifuatilia kwa muda mrefu na ninalipenda.

Tamthilia nyingi za Uturuki huonyeshwa kwao mara moja kwa wiki, na kila sehemu huweza kufika saa mbili au kuzidi. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi, ndiyo maana sisi tunaziona kila jioni na hadithi haionekani kusogea. Mwandishi anayetakiwa kujaza saa zote hizo kila wiki hawezi kuwaacha wapenzi wawili wakae chini wakaulizana, "Ulikuwa wapi jana, na yule ni nani?", kwa sababu wakielewana hadithi imekwisha. Basi anawanyima mazungumzo. Barua inapotea, mama mkwe anasema uongo, kijana anaona jambo dirishani na kuondoka kwa hasira bila kuuliza, na pale ambapo maneno yangehitajika unawekwa muziki na macho yanayotazamana. Muziki huo, Mama, ndio unaotuambia kwamba tunachokiona ni mapenzi. Uondoe, na utabaki na mwanamume anayemfuatilia mtu aliyemkataa.

Hata hivyo, sikubali kwamba hadithi za mapenzi haziwezi kufundisha vinginevyo. Nchini Mexico, katika miaka ya 1970, Miguel Sabido alitunga tamthilia za televisheni zilizohimiza elimu ya watu wazima na uzazi wa mpango, na mapenzi yalibaki humo humo. Njia yake ilifika kwetu kupitia mchezo wa Radio Tanzania, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Wakubwa wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, ambaye mwishowe alichoka, akamwacha na kuanza kujitegemea. Mtunzi hakumpamba Mkwaju ili tumpende.

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma

Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, nilikaa nyumbani jioni zote na kutazama tamthilia pamoja na mke wangu, jambo ambalo sikuwahi kulipata, kwa sababu usiku wa giza ndio wetu wa kwenda kwenye dagaa. Sikuona hata mtu mmoja aliyesubiriwa. Mke wangu amenisubiri miaka 14, na upepo ukivuma usiku huja ufukweni alfajiri, akishaniona anageuka kurudi nyumbani kuchemsha chai bila kusema neno. Mama, kijana aliyeambiwa asimfuate binti akamtii, mimi ningempenda awe mkwe wangu.

Mama wa Gungu, Kigoma

Marahaba, Dada wa Isevya, na ahsanteni nyote. Jana usiku ilirudiwa sehemu ile ile ya gari, nami nikazima sauti kabisa, nikamwomba binti aniambie anachokiona. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yule msichana anaogopa. Akaniomba niirudishe sauti, halafu akaniomba niizime tena.