Miyajima, Nikko au Kyoto ya Gion: nimpeleke mama wapi?

BintiKilwa
Wakuu, habari za jioni. Mama anakuja Japani kunitembelea, nataka nimtoe mahali pamoja pa maana. Nimebaki na Miyajima, kisiwa cha karibu na Hiroshima chenye torii (lango la hekalu la Shinto) lililosimama baharini, Nikko, mji wa mahekalu kaskazini mwa Tokyo, au Kyoto wakati wa sikukuu ya Gion. Tiketi nakata wiki hii. Nyie mngeenda wapi?

MzeeWaReli
Dada, unakaa mji gani? Mama ana umri gani? Anakuja lini? Bila hayo tunapiga ramli. Ila pasi ya JR, ile ya treni za Japani, usiikimbilie: Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda mpaka yeni 50,000. Hata Tokyo–Hiroshima kwenda na kurudi hairudishi hela hiyo.

Chatu88
Gion, hakuna mjadala! Tarehe 17 Julai wanavuta kwa kamba magari ya mbao marefu kama ghorofa. Wakifika kwenye kona wanatandika mianzi chini ya magurudumu, wanaimwagia maji, kisha wanalivuta gari kwa ubavu mpaka ligeuke. Sijaona kitu kama kile.

MamaZuhra
Chatu, hapo kuna mtu mzima. Mimi nilimpeleka mama mkwe Gion jioni ya tarehe 16. Kyoto iko bondeni, joto la Julai halina pa kutokea. Barabara ya Shijo imefungwa, umati umeshonana, askari wanaelekeza watu upande mmoja, kurudi nyuma huruhusiwi. Magoti yakamkataa, pa kukaa hakuna, ikabidi ajishike ukutani huku watu wanampita. Tunafika nyumba ya wageni niliyoilipia mapema, naambiwa chumba kapewa mwingine. Tukaenda kulala Osaka usiku ule, mama wa watu analia kwenye treni. Sirudii.

Chatu88
Pole sana. Lakini tarehe 24 kuna maandamano ya pili, watu huwa wachache.

Abu_Nasri
Samahani, hizo ni sehemu za ibada. Pale mlangoni wananawa, wanainama. Mama wa Kilwa ataridhia?

MamaZuhra
Kunawa hulazimishwi. Wengi Nikko wanafuata nakshi za hekalu la Toshogu na wale nyani watatu waliochongwa.

Abu_Nasri
Nakshi za nyumba ya ibada bado ni za nyumba ya ibada.

MzeeWaReli
Hilo aulizwe mama mwenyewe. BintiKilwa, majibu yangu?

PwaniAsili
Miyajima! Mtu wa Kilwa bamvua anaijua. Tazama jedwali la maji: yakizidi sentimita 250 lango linaonekana kama linaelea, yakipwa chini ya 100 unatembea mpaka miguuni pake. Lango hili ni la 1875, nguzo zake za mkafuri hazikuzikwa, zimesimama kwa uzito wake tu. Kivuko ni dakika 10, na chaza wa kuchoma wapo njia nzima.

BintiKilwa
Samahanini, nilikuwa kazini. Naishi Nagoya. Mama ana miaka 68, ngazi zinamsumbua. Anafika Agosti mwanzoni.

MzeeWaReli
Agosti! Gion ni ya Julai, dada. Na Nikko, kaburi la Ieyasu, yule mtawala wa zamani aliyezikwa Toshogu, lina ngazi zaidi ya 200.

Chatu88
Basi sikukuu ya Nebuta, Aomori huko kaskazini, tarehe 2 mpaka 7 Agosti! Mataa makubwa ya karatasi, na ngoma.

MamaZuhra
Nagoya mpaka Aomori na mama wa miaka 68? Chatu!

Abu_Nasri
Kuna anayejua chakula cha halali Hiroshima karibu na stesheni? Naenda huko mwezi ujao.