Naomba ushauri: nahama kamera ya dijitali kwenda kamera ya filamu, Canonet QL17 GIII

Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Shata (kifungua mwanga) iko sawa, ila nikilenga nguzo ya umeme ya mbali, zile taswira mbili za kupimia fokasi kwenye kitundu cha kutazamia, zinazotakiwa kuwa moja, hazilaliani: moja imekaa juu kidogo, tena imefifia. Ni skrubu tu ya kukaza, au kioo cha ndani kimechoka?

Halafu betri. Mita yake ya mwanga ilitengenezewa betri ya zebaki, volti 1.35, ukiweka ya 1.5 inadanganya. Ile betri ya vifaa vya kusikia, namba 675, inadumu kwa joto la Dar?

Jua la Kariakoo saa saba, filamu ya ISO 400 (wepesi wake kwa mwanga) inataka kasi ya shata 1/500 ya sekunde kwa tundu la lenzi f/16, na kamera inaishia hapo hapo: haina kasi zaidi wala tundu dogo zaidi. Nianze na ISO 100? Na fangasi kwenye lenzi mnaizuiaje, unyevu wenyewe huu?