Tupeane uzoefu: kusafiri nje ya nchi na ndege nyuki bila kuiacha forodhani

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, nimeanzisha mazungumzo haya kwa sababu katika mwezi mmoja vijana watatu wamenifuata studio kwangu Mwanjelwa wakiwa na swali lile lile, yaani kama wanaweza kusafiri nje ya nchi na droni zao bila kunyang'anywa. Nitaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe, kisha naomba kila mwenye kisa chake akiongeze hapa, mradi kiwe kimemtokea yeye na si cha kusimuliwa na jirani.

Mimi nilialikwa kwenye mafunzo ya wapiga picha nchini Morocco. Nilipanda ndege Songwe, nikabadilisha Dar es Salaam, na katika ukaguzi wa mizigo nilichoulizwa ni betri tu. Nilikuwa nazo tatu kwenye mkoba wa mkononi, kila moja ikiwa chini ya wati-saa 18, wakati kiwango ambacho abiria huruhusiwa bila kuomba idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100 kwa betri. Wanaotaka kujua za kwao wazidishe miliampea-saa kwa volti zilizoandikwa kwenye betri, kisha wagawe kwa 1,000. Na betri za akiba zisiwekwe kamwe kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege. Nilipopita pale nikaamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe anayekagua betri anaangalia usalama wa ndege tu, wala si kazi yake kujua sheria za nchi ninayokwenda.

Morocco imepiga marufuku kuingiza ndege nyuki bila leseni ya mapema tangu mwaka 2015. Nilitua Casablanca, nikagongewa muhuri kwenye pasipoti, na mizigo yote ikapitishwa kwenye mashine kabla ya mlango wa kutokea. Afisa aliniita kando, akaniuliza kwa upole kama ninajua kilichomo ndani ya mkoba wangu. Nikaanza kujitetea kwamba changu ni kidogo, kina gramu 249 tu, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba katika nchi nyingi vilivyo chini ya gramu 250 hupewa nafuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba kwao uzito haubadilishi kitu. Akaandika namba ya mtambo, akanipa stakabadhi, akaniambia nitaichukua siku ya kuondoka.

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa, nalo sikumbebesha mtu mwingine. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya kuondokea Marrakech, na mali iliyozuiliwa hukabidhiwa mahali pale pale ilipoachwa. Nililazimika kupanda treni karibu saa tatu kurudi Casablanca na kununua tiketi nyingine, na kwa gharama ile ningeweza kumlipa msaidizi wangu mshahara wa mwezi. Droni niliipata ikiwa nzima, pamoja na mapanga yake ya akiba.

Nilipofika Dar es Salaam nikaulizwa swali ambalo sikulitarajia: nitathibitishaje kwamba kifaa hiki kilitoka hapa nchini, na si kipya ninachokiingiza? Kiliniokoa kibali changu, ambacho nilikuwa nimekipiga picha kwa simu, kikiwa na namba ile ile ya mtambo. Wengi tunafikiria forodha ya ugenini tu na kuisahau ya nyumbani.

Mchangiaji, Iringa mjini:
Kamwene, kaka. Nami nina kisa kinachokaribiana na chako, ila mimi sikuwa hata na nia ya kuingia katika nchi husika. Kazi yangu ni kupima mashamba ya miti Mufindi, na nilikuwa nakwenda Afrika Magharibi kwenye mradi uliokwisha kuniombea vibali vyote kule. Ndege ya pili ikaahirishwa mpaka kesho yake, shirika likatupeleka hotelini, na ili kufika hotelini ilibidi tupite uhamiaji na forodha ya nchi ambayo sikuwa na karatasi yake hata moja. Kabla mzigo haujaingia kwenye mashine nilimwendea afisa, nikamwambia, "Shikamoo mzee, nina ndege isiyo na rubani humu, nami ni abiria wa kupita." Naamini kutangulia kusema ndiko kulikonisaidia, kwa sababu aliyekuwa nyuma yangu alinyamaza mpaka chake kikaonekana kwenye kioo, akawekwa pale zaidi ya saa mbili akijieleza. Mimi niliandikiwa karatasi kwa dakika kumi. Tatizo lilikuwa asubuhi: ofisi ya kuhifadhia mali ilifunguliwa muda mfupi kabla ya safari yetu, nikakimbia mpaka lango la ndege nikiwa nimeshika viatu mkononi. Tangu siku hiyo, nikichagua tiketi ninatazama pia sheria za nchi ninakopitia. Majirani zetu wa Kenya, kwa mfano, wana kanuni za mwaka 2020 zinazodai kibali cha mamlaka yao ya usafiri wa anga kabla ya kuingiza kifaa chenyewe.

Mchangiaji, Kyela:
Mimi niliishia Kasumulu. Nilikuwa nimealikwa kupiga video ya harusi ya binamu yangu Karonga, na nilijipa moyo kwamba Malawi wamezizoea droni, kwa kuwa kule Kasungu serikali na UNICEF walifungua anga maalumu ya majaribio mwaka 2017. Anga ya majaribio ya kupeleka dawa si ruhusa ya mpiga video wa harusi, na hilo nilielezwa na dereva wa gari nililopanda, wala si afisa yeyote. Nikarudi nyuma, nikaiacha kwa shangazi, nikapiga harusi kwa kamera ya mkononi. Bwana harusi hajanisamehe mpaka leo, kwa sababu ziwa Nyasa halikuonekana kutoka juu kama alivyoahidiwa.

Mchangiaji, Iringa, mwongoza watalii:
Naomba niongeze upande wa pili wa shilingi, yaani wageni wanaokuja kwetu. Kila msimu ninapokea watu wa Ruaha ambao vifaa vyao vimezuiliwa walipotua nchini, kwa sababu hawakujua kwamba hapa kunahitajika kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa pamoja na cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwamba ndani ya hifadhi kuna ruhusa nyingine tena. Siku hizi ninawaandikia mapema, kabla hawajafunga mabegi. Mmoja aliificha ndani ya soksi na sweta akidhani mashine haitaiona. Betri za lithiamu huonekana kama jua la saa sita.

Mchangiaji, Njombe:
Nawashukuru kwa maelezo haya. Mwezi ujao ninakwenda Misri kwa siku tisa na kundi la kanisa letu, na nilikuwa nimekwisha kuipanga droni kwenye begi kwa ajili ya mapiramidi. Ninaomba ushauri wa wazi.

Mwanzilishi wa mazungumzo:
Ndugu wa Njombe, iondoe kwenye begi leo hii. Misri ina sheria namba 216 ya mwaka 2017 inayokataza kuingiza, kumiliki na kurusha ndege hizi bila ruhusa ya wizara yao ya ulinzi, na adhabu zake ni pamoja na kifungo. Kule usitegemee stakabadhi ya kupokelea mali siku ya kuondoka kama niliyopewa mimi, na usilitie kundi zima katika maswali kwa sababu ya mkoba wako. Ukiwa na safari nyingine ya nchi inayoruhusu, nenda forodha ya hapa nchini siku ya kuondoka kabla hujakabidhi mizigo, waandike namba ya mtambo, karatasi hiyo uitunze na pasipoti, na hakikisha tiketi inakuingiza na kukutoa mlango mmoja.

Mchangiaji, Njombe:
Nimeitoa. Nimemwachia mdogo wangu kwa sharti kwamba asiirushe mpaka nirudi, ingawa kwa jinsi alivyoipokea sina uhakika sana na hilo.