Naomba ushauri: kadi zangu za kikapu zimeporomoka bei, niuze au nikae nazo?

Habari zenu wakuu. Niko Ohio, Marekani. Mwaka 2020, tulipofungiwa ndani na korona, nilianza kununua kadi za mpira wa kikapu, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana, hasa za chapa ya Panini Prizm za wachezaji walio msimu wao wa kwanza. Bei zilikuwa zinapaa kila wiki. Machi 2021 PSA, kampuni ya wanaokagua ubora wa kadi na kuzipa alama hadi 10, walielemewa na mzigo wakasimamisha huduma zao nyingi. Leo kadi niliyonunua dola 300 sipati hata 60.

Mzee mmoja alinionyesha maboksi yake ya kadi za besiboli za 1988 hadi 1991. Zilichapishwa nyingi mno na kila mtu akazitunza; mpaka leo hazina mnunuzi wa maana. Niliumia, kwa sababu naona yaleyale: kadi ileile inatolewa kwa rangi chungu nzima, na zenye alama 10 zimejaa sokoni.

Nazipenda kweli, na huwa tunazipanga pamoja na mwanangu. Niuze zote sasa, au nibaki na zile chache zilizopigwa namba, yaani zilizochapishwa kwa idadi maalumu? Mliopitia hili, mlifanyaje?