Cheti cha ualimu ninacho, nipo kwenye bodaboda: "thamani yako iko kwa Kristo" naiishije?

Mwl_wa_Kijiweni:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Nimesoma ualimu, Historia na Kiswahili, na mnajua sisi watu wa sanaa tulivyo wengi kwenye foleni. Nafasi zikitangazwa natuma maombi. Kwa sasa naendesha bodaboda ya mkataba. Hela ya kula inapatikana, si hilo linaloniliza.

Kinachoniumiza ni kwamba nimekuwa mtu wa kujificha. Abiria akiwa niliyesoma naye, helmeti sivui. Kwenye vikao vya harusi za ukoo jina langu linasomwa mwishoni, na anayesoma anapunguza sauti. Kanisani nikimweleza mtu, naambiwa, "Thamani yako iko kwa Kristo." Naamini. Ila Jumatatu asubuhi kijiweni sioni neno hilo linaingilia wapi. Msinijibu kwa Zaburi 139 peke yake, naijua kwa kichwa. Waliopita hapa walifanyaje?

Mama Eliya:
Pole mwanangu. Kuna jambo wahubiri wengi wanaliruka. Yesu alipobatizwa Yordani, sauti ilisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye" (Mathayo 3:17). Kwa mpangilio wa Injili hiyo, mpaka hapo hajaponya mtu, hajahubiri, hana hata mwanafunzi mmoja. Alikuwa seremala wa Nazareti. Kupendwa kulitangulia kazi.

Sasa fungua sura ya 4. Mjaribu anaanzaje? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu", basi geuza mawe yawe mikate, tuone. Neno "mpendwa" kaliacha. Hiyo "tuone" ndiyo unayoisikia kwenye vikao vya harusi, na Yesu hakugeuza jiwe hata moja.

Chuma_cha_Reli:
Mkuu, mimi nitakuwa mkali kidogo. Ajira kukosekana ni suala la uchumi, usiligeuze kuwa hukumu juu yako. Na jihadhari na wale wa mafuta ya upako watakaokuambia nyota yako imefungwa na ukoo. Wataondoka na marejesho ya pikipiki. Mkataba ukiisha chombo kinakuwa chako?

Mwl_wa_Kijiweni:
Ndiyo, mwakani Mungu akipenda.

Parokiani:
Sisi Wakatoliki tuna Mtakatifu Yosefina Bakhita, tunamkumbuka 8 Februari. Alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini, hadi jina alilopewa na wazazi likamtoka kichwani. Bakhita ni jina alilobandikwa na waliomteka. Akafikishwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ikaamua kwamba ni mtu huru. Januari 1890 akabatizwa. Baadaye alikuwa akionekana akikibusu kile kisima cha ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu.

Alipokuwa mtawa huko Schio kazi zake zilikuwa upishi, ushonaji, kutunza sakristia (chumba cha vifaa vya ibada) na ubawabu wa konventi, yaani nyumba ya watawa. Jina lake la kwanza halikupatikana tena mpaka anafariki 1947. Mimi hapo ndipo ninapokaa nikiwaza: mtu asiyejua hata kwao walimwitaje, lakini anajua yeye ni wa nani.

Chuma_cha_Reli:
Hii ya Bakhita nilikuwa siijui. Ila la mafuta nalisimamia.

Mzee_wa_Usharika:
Umeomba ya kivitendo. Akija abiria mnayefahamiana, vua helmeti, msalimie kwa jina lake. Siku hiyo utaumia, nisikudanganye. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3), na hajaficha popote kwamba aliishi kwa mikono yake. Maombi ya ajira endelea kutuma.

La pili. Kufundisha hakusubiri barua ya ajira. Hapa kwetu mwalimu wa kipaimara amehama, na vijana hawajui kitabu cha Waamuzi kiko upande gani wa Biblia. Ni Jumamosi saa nne asubuhi. Malipo hakuna, chai ipo. Kama upo karibu na Nyakato njoo PM.

Mwl_wa_Kijiweni:
Mama Eliya, ubarikiwe, sura hizo mbili sikuwahi kuzisoma kwa pamoja. Mzee, shikamoo. Mimi si Mlutheri, mnaruhusu?

Mzee_wa_Usharika:
Marahaba. Katekisimu atafundisha mchungaji, wewe andaa Waamuzi. Anza na Gideoni.