Mjadala: Tuwaige wawekezaji wa kampuni changa, au tuwaache na fedha zao?

Wakuu, hoja hii inanikera na leo naitolea msimamo. Wapo wanaosema kwamba wale wanaotia mitaji kwenye kampuni changa ndio wanaojua siri ya utajiri, hivyo mtu mwenye akiba ndogo afanye kama wao: atafute kampuni moja itakayopaa, atie fedha zake, asubiri. Wengine wanasema wale ni wacheza kamari tu, hatuna la kujifunza kwao. Naona pande zote mbili zimepotoka, ila hao wa kwanza wamepotoka vibaya zaidi, maana ushauri wao unamaliza akiba za watu.

Najua tamaa inatoka wapi. Mwaka 1957 kampuni ya uwekezaji ya Marekani, American Research and Development, chini ya Georges Doriot, ilitia dola 70,000 kwenye Digital Equipment, kampuni changa ya kompyuta. Miaka kumi na kitu baadaye fungu hilo lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Mwaka 2004 mwekezaji Peter Thiel aliwapa Facebook dola 500,000 na kupata takribani asilimia 10 ya kampuni. Nani asiyetamani?

Sasa sikilizeni upande usiosimuliwa. Correlation Ventures, kampuni ya uwekezaji, walipitia uwekezaji wa kwenye kampuni changa zaidi ya 21,000 uliofanyika Marekani kati ya 2004 na 2013. Takribani asilimia 65 haukurudisha hata fedha iliyowekwa. Uliorudisha mara kumi au zaidi ulikuwa kama asilimia 4 tu. Na hao ni watu wanaokaa na waanzilishi ana kwa ana, wanaofunguliwa vitabu vya hesabu, wenye wanasheria wao. Mimi na wewe tunasoma tangazo kwenye simu tukiwa kitandani.

Kwa hiyo swali ni moja: mtu anayekosea mara nyingi hivyo anapataje faida? Hapa ndipo kuna la kujifunza, na wala si werevu wa kubahatisha. Ni namna anavyopanga hasara yake kabla haijatokea. Novemba 2022 soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka, Sequoia, kampuni kubwa ya uwekezaji, waliandika thamani ya hisa zao humo kuwa sifuri. Kwenye mfuko wao mmoja, yaani fungu la fedha walizokusanya kwa watu ili waziwekeze, hasara ilikuwa dola milioni 150. Inatisha, ila waliwaeleza wenye mfuko kwamba kiasi hicho hakikufika asilimia 3 ya mtaji wake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wakati huohuo walikuwepo watu wa kawaida walioweka humohumo sehemu kubwa ya akiba yao. Anguko lilikuwa lilelile, lakini mmoja aliamka na asilimia 97 ya mfuko wake, mwingine aliamka hawezi kugusa sehemu kubwa ya akiba yake. Tofauti hiyo haikuletwa na akili ya kuchagua, maana wote walichagua vibaya.

Funzo la pili, la kutouza kinachoshinda ili kulisha kinachoshindwa, nililipia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na hisa za kampuni mbili. Ya kwanza ilipanda asilimia 40, nikauza haraka nikijisifu kwamba faida ni ile iliyo mkononi. Ya pili ilishuka nusu, nikaiongezea fedha zilezile nilizotoa kwenye ya kwanza, nikisema lazima itarudi. Haikurudi. Niliyoiuza iliendelea kupanda miaka mingi baada ya mimi kuondoka. Tangu hapo nina daftari. Kabla sijanunua naandika mistari mitatu: kwa nini nanunua, kitu gani kikitokea nitajua nimekosea, na fungu hili ni sehemu gani ya akiba yangu. Bei ikishuka nafungua daftari kwanza. Mara mbili limenizuia kuongeza fedha mahali ambapo sababu niliyoandika ilikuwa imeshakufa.

Mwekezaji wa kampuni changa hafanyi kosa langu kirahisi, kwa sababu kazi yake yote inategemea wachache wanaoshinda. Akiwauza mapema, hana cha kufidia wale walioanguka. Na msidhani hili ni la kampuni changa peke yake. Hendrik Bessembinder, profesa wa fedha, alichunguza hisa za Marekani kuanzia 1926 hadi 2016, kampuni zaidi ya 25,000, akakuta asilimia 4 tu ndizo zilizobeba faida yote ya soko juu ya ile ambayo mtu angepata kwa kuikopesha serikali kwa muda mfupi. Zilizobaki, ukizijumlisha, hazikuongeza kitu juu ya hiyo.

Hapo ndipo watu wa kuiga wananirukia: basi tutafute hizo asilimia 4! Utazijuaje? Bessemer Venture Partners, watu wa kazi hii miaka na miaka, wameweka hadharani orodha ya kampuni walizozikataa, na humo zimo Apple, Google na Facebook. Na hata ukiipata, utaivumilia? Hisa ya Amazon ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei yake kati ya mwisho wa 1999 na 2001. Ndiyo maana kwangu mimi njia ya mtu wa kawaida kuwafuata ni kumiliki kampuni nyingi kiasi kwamba hizo chache haziwezi kumkosa, yaani mfuko unaofuata soko zima kwa ada ndogo. Njia hiyo John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya mifuko ya Vanguard, aliwafungulia watu wa kawaida mwaka 1976, kwa mfuko uliofuata kampuni kubwa 500 za Marekani. Haina msisimko. Nakubali.

Kuna jambo ambalo halisemwi kabisa, nalo ni mkataba. Tuseme mwekezaji mkubwa ametia milioni 10 kwa asilimia 20 ya kampuni, akaandika kwamba kampuni ikiuzwa yeye analipwa kwanza. Mambo yanakwenda vibaya, inauzwa kwa milioni 15. Kwa hesabu ya asilimia angepata milioni 3. Kwa mkataba wake anachukua 10 zake zote, na milioni 5 zilizobaki ndizo wanazogawana wenye hisa za kawaida. Wewe uliyenunua hisa za kawaida uko kwenye hizo 5. Wote mnasema "nimewekeza kwenye kampuni ileile", lakini hamkununua kitu kimoja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2012, na tangu Mei 2016 watu wa kawaida wanaweza kununua hisa za kampuni changa kupitia mtandao. Naunga mkono mlango kufunguliwa. Ninachouliza ni uko upande gani wa hizo 15.

Na hata wanaowapa hawa mabwana fedha zao hawafaidi wote. Kwa kawaida mfuko hukata kama asilimia 2 ya fedha zao kila mwaka, na asilimia 20 ya faida. Taasisi ya Kauffman, ya hisani huko Marekani, ilipoangalia mifuko 100 ya namna hii ambayo yenyewe ilikuwa imeitia fedha, mwaka 2012 ikatangaza kwamba 62 haikulishinda soko la hisa baada ya makato.

Kwa hiyo ninyi mnaosema tuwaige, nijibuni mambo mawili. Ile kampuni moja unayoniambia niiwekee akiba, hisa zake ni za aina gani, na nani analipwa kabla yangu? Na ikifika sifuri mwezi ujao, nitabaki na asilimia ngapi?