Miwani inayojigeuza rangi: Kabale inakolea, Tororo hapana

Dereva wa saruji
Habari za jioni wandugu. Napeleka saruji kutoka Tororo hadi Kabale. Macho yalikuwa yananiuma kwa jua, nikajinyima nikanunua Kampala miwani ya kujigeuza rangi, laki mbili na nusu. Ndani ya lori haibadiliki. Nafika Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, saa sita mchana, lenzi nyeupe kama maji. Nikishuka Tororo kupakia, inapata rangi ya chai hafifu. Lakini Kabale asubuhi, baridi inauma, inakuwa nyeusi kama masizi, na nikiingia hotelini kunywa chai inachelewa sana kutakata. Jua la Tororo si ndilo kali? Je, nimeuziwa bandia?

Msaga lenzi, Kampala
Kaka, hiyo ni halali kabisa. Lenzi ni plastiki, na ndani yake kuna molekuli za rangi. Gizani kila moja imejifunga, haina rangi. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga, kiungo kimoja kinakatika, molekuli inajifungua na kulala bapa, ndipo inanyonya mwanga. Joto nalo linairudisha ijifunge. Tororo mwanga unafungua huku joto linafunga mbiombio. Kabale baridi inachelewesha kufunga. Ndiyo maana inakolea, na ndiyo maana haitakati upesi.

Lorini ni jambo jingine. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, na kinazuia karibu urujuanimno wote. Muuzaji alipaswa kukuuliza kazi yako kabla ya kupokea pesa. Hili linanikera sana, naliona kila juma.

Mwalimu wa kemia, Mbarara
Niongeze hapo kwenye ukali wa jua. Ngozi inahisi joto, urujuanimno haihisi. Kabale iko juu kuliko Tororo kwa zaidi ya mita 600, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Ijaribu mwenyewe: itie kwenye friji kwa robo saa, kisha itoe juani.

Dereva wa saruji
Mwalimu, nimejaribu leo Lukaya, mama wa soda kanipa nafasi kwenye friji yake. Nimeitoa juani ikawa nyeusi tii, halafu ilivyopata joto ikafifia machoni pangu! Na nimegundua nikishusha dirisha la kulia, lenzi ya kulia inaingia kivuli, ya kushoto inabaki nyeupe. Sasa msaga lenzi, nivae nini barabarani?

Msaga lenzi, Kampala
Miwani ya kawaida ya jua yenye lenzi za polaroidi, inakata mng'ao wa lami. Mchana tu, jua likizama ivue. Hiyo uliyonayo ibaki ya kupakia na kushusha mzigo. Na macho yakiendelea kuuma hata kivulini, kaka, nenda ukapimwe, usingoje safari nyingine ya Kabale.